Fimbo ya Kwanza

Baba,

Shikamoo. Marahaba yako sitaisikia, wala siistahili.

Mji umezidi kuvimba tangu tukuzike. Nyumba zimeifuata barabara ya Didia, na kila nyumba inataka mkaa. Lakini ngitili yako, lile pori uliloligomboa na kulifunga lisikatwe miti, juu ya lambo ili Shinyanga ipate maji, bado ipo. Lambo halijai tope tena. Akina mama wanachota hadi mwisho wa kiangazi, na wanakutaja. Wakikutaja naumia.

Nakumbuka ulivyonibebesha udongo wa kichuguu, tukapita nyumba kwa nyumba tukiwakandikia majiko yanayokula mkaa kidogo. Ukawatania: "Nyie mnapika ugali au mnachoma Shinyanga yote?" Walicheka, na majiko wakayatumia.

Asubuhi ile ulipiga yowe peke yako. Wachoma mkaa walikuwa wameingia ngitilini, nawe ukabomoa tanuri lao kwa jembe. Kwetu yowe ni ng'ombe wameibwa. Ukilisikia unashika fimbo unakimbia, huulizi. Nilitangulia mbele ya wote, nikitafuta sifa, mjinga mimi! Wachoma mkaa wakapaza sauti, "Mwizi huyo, kwenye moshi!" Akatoka mtu mweusi kwa masizi, jembe mkononi. Nikampiga kichwani. Akaanguka. Wengine wakafika na marungu na mawe, tukapiga mpaka mifupa ikasikika ikivunjika. Ulikuwa unasema kitu. Nilidhani mwizi anajitetea. Kisha damu ikaosha masizi shavuni, nikaliona kovu lako la pembe ya ng'ombe.

Ni mimi, Baba. Fimbo ya kwanza ilikuwa yangu. Polisi walipouliza nani alianza, kila mtu alisema hakuona, nami nikasema hivyo hivyo. Mama aliniosha damu yako mikononi akidhani nilikukumbatia.

Sasa wamenichagua niilinde ngitili badala yako. Wapo wanaotaka ikatwe viwanja, na wanangoja nitetereke tu. Ndiyo maana nilinyamaza. Nilijiambia naokoa miti. Uongo. Naogopa macho ya Mama.

Pumzika, Baba. Jumapili watu watakusanyika ngitilini kunikabidhi ulinzi. Nitasema yote, Mama akisikia. Kisha nitawaomba wamkabidhi mwingine ngitili, wasiikate viwanja. Wakiinua marungu sitakimbia, nakuahidi. Nitawaomba tu tutoke nje kwanza, tusije tukakanyaga miche.

Mwanao,
Masanja