Bahari ya Mabibi

Jeju, 14 Oktoba

Kwa dada yangu mpendwa Jeong-im,

Salamu zangu zikufikie huko Osaka, wewe na shemeji na wajukuu. Goti lako limepata nafuu? Huku tu wazima wa mwili, ila moyoni, dada, nawaka.

Wameifuta Bahari ya Mabibi! Kile kipande cha maji mafupi, kuanzia gati hadi mwamba mweusi, ambacho tangu enzi za bibi yetu wapiga mbizi walio chini ya miaka sabini na tano hatukigusi. Mwenyekiti mpya wa chama chetu cha wapiga mbizi, Yang Ok-hwa, binti wa yule muuza tofu, aliitisha kikao penye moto wetu wa kuotea, akasema konokono wa bahari wa kule wanazeeka bure na hoteli mpya inawataka. Ati mabibi wanane hawawezi kuatamia bahari kama kuku. Na watu wakacheka! Wanawake waliofundishwa kubana pumzi na mabibi haohao. Bibi Go, mmoja wa hao wanane, alimjibu kwamba yeye alianza kuzamia kabla mama yake Ok-hwa hajaota meno, na kwamba bahari aliikuta imeshiba, ataiacha imeshiba. Akaambiwa mikono ndiyo itakayoamua. Ikainuka kumi na miwili dhidi ya kumi na mmoja.

Siku nne tu, dada. Siku nne, na mwamba umebaki mtupu kama sahani iliyorambwa. Ile pete ya kupimia, ambayo konokono akipenya humo tunamrudisha majini akue, haikuteremshwa hata mara moja kwenye msumari wake. Waliokota hadi wa ukubwa wa kidole gumba. Sehemu iliyolisha wazee miaka yote hiyo! Nilimwambia Ok-hwa usoni kwamba amekula mbegu, na mwenye pupa hadiriki kula tamu. Alinitazama tu, akatabasamu, na kisa cha tabasamu lile ninakijua.

Sasa mama. Ana miaka themanini na mmoja, nami nilidhani atatundika boya lake. Wapi! Kesho yake alijivika vazi la mpira, akatufuata kwenye kina. Nilipomsihi arudi, alisema anayetaka kukaa jikoni kungoja kufa akakae mwenyewe. Akazama. Nilihesabu hadi sabini, nikaanza kupiga kelele, ndipo nikausikia mluzi wake wa kutoa pumzi akiibuka upande wa pili wa boya. Tangu hapo anakwenda kila siku ya kuzamia, nami sishughuliki na konokono, namlinda yeye.

Dada, mkono wa kumi na mbili ulikuwa wangu.

Unakumbuka nilikuandikia kwamba mwezi wa tatu alitoka majini midomo ya buluu, akaniuliza mimi ni mtoto wa nani? Uliniambia nimzuie. Nani amewahi kumzuia mama? Nikajidanganya kwamba nikimfungia maji yake mafupi atakaa nyumbani. Mabibi huketi mbele, karibu na moto, wakitupa mgongo. Niliinua mkono nyuma yake, naye hakugeuka. Nikajiambia hakuona.

Unaijua desturi yetu: bibi akitoka mikono mitupu, aliyepata humtilia wachache wavuni, kimya, asione haya. Jana nilitoka sina kitu. Nilipokuwa navua vazi nikaukuta wavu wangu una konokono wawili wakubwa, na mama amekwisha tangulia kupanda njia ya nyumbani.

Kesho kuna kikao. Nitasimama niseme mkono ule ulikuwa wa nani, mbele ya mama, kisha niombe maji yale yafungwe kwa wote miaka mitatu, halafu warudishiwe wenyewe. Ok-hwa na acheke. Sijui kama mama ana miaka mitatu ya kungoja.

Msalimie shemeji. Ukimpigia mama simu, usimwambie apumzike.

Ni mimi mdogo wako,
Chun-ok