Mbio Zinazofuata Mwezi

Jumatatu, 1 Septemba

Mashua zimeingia na omena kidogo, hawa dagaa wetu wa ziwa. Mwezi umeanza kunenepa. Mwanga ukizidi, omena hawafuati taa, na wavuvi wanabaki kwao. Hapo ndipo mimi napata nafasi.

Tumeanika madebe matatu juu ya nyavu ufukoni, mimi na Mama. Mama ni mama mkwe wangu. Baba watoto yuko Nairobi kwa kazi ya mjengo, kwa hiyo ni sisi wawili. Kisha kilomita nane. Ufukoni mpaka kanisani na kurudi, mara nne. Sipendi njia ambayo haioni nyavu zetu.

Ukungu ulikuwa umelala juu ya ziwa. Upande wa Tanzania haukuonekana. Kwa dakika kumi hivi sikujua kama miguu ni yangu. Hunijia hivyo, mara moja moja. Kichwa kinaelea, mwili unaendelea na shughuli zake huko chini. Kwa ajili ya hizo dakika kumi ningekimbia mpaka uzeeni.

Kisha Mama akaita. Omena ya kugeuza.

Jumapili, 7 Septemba

Mwezi mpevu. Ufuo mzima hauna omena. Kwa hiyo masafa marefu: ishirini na mbili.

Mwalimu Chacha alinifuata na baiskeli. Ni Mkuria, anafundisha hesabu shule ya hapa, na alikuwa mkimbiaji mpaka goti likamstaafisha. Amenichorea ratiba safi, Jumatatu hadi Jumapili, kwa kalamu ya rangi mbili. Sijaifuata hata wiki moja. Ratiba yangu hupangwa na mwezi. Wiki za giza mashua zinajaa, nabaki na vipande vya kukimbia kati ya nyavu. Wiki za mwangaza naenda mbali. Anasema hakuna kocha duniani aliyeandika hivyo. Nikamwambia hakuna kocha duniani aliyeolewa hapa Muhuru.

Nimemaliza zote. Kwenye mlima wa mwisho nilikuwa mwepesi kama gunia tupu. Nina furaha ya kijinga.

Alhamisi, 11 Septemba

Tarehe ya mbio imetoka. Homa Bay, Jumapili 19 Oktoba. Kilomita arobaini na mbili, barabara ya Mbita, kwenda na kurudi.

Nimeenda kwa kalenda ya ukutani. Mwezi wa siku hiyo: giza totoro. Wiki ambayo omena inaletwa mpaka inamwagika, na mvua za vuli ndizo hizo zinapiga hodi. Nimesimama mbele ya kalenda hiyo mpaka uji ukaungua.

Nimejiandikisha hata hivyo, kwa hasira. Maji nimeyavulia nguo.

Mwaka jana niliketi chini kilomita ya thelathini. Wote wanajua ni goti.

Jumamosi, 20 Septemba

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Langu halijavunjika, limeteguka tu. Mwalimu alinikataza kabisa kukimbia kwenye mawe ya ufukoni.

Nilikuwa nyuma ya kanisa, kilomita ya tano, nikaona wingu jeusi juu ya ziwa, na omena yetu iko nje. Nikakata mbio kupitia mawe. Nikajikwaa kwenye kamba ya wavu wetu wenyewe. Mama aliponifikia nilikuwa nimelala juu ya omena, magamba mpaka masikioni.

Mvua haikunyesha. Wingu lilienda zake.

Jumapili, 21 Septemba

Kifundo kama kiazi. Sikukimbia.

Jumatatu, 22 Septemba

Sikukimbia. Nimechambua omena nikiwa nimeketi.

Alhamisi, 25 Septemba

Nilisinzia mchana kwenye mkeka. Nikaota barabara imeanikwa omena kote, inang'aa, haina mwisho. Nilikuwa nakimbia juu yake peku na hakuna hata mmoja aliyevunjika. Pembeni kulikuwa na watu ambao siwajui, wote kimya, kana kwamba wanasubiri nipite ndipo wageuze.

Nilipoamka nililia. Sijui kwa nini. Labda najua. Naona wivu hata kwa mbuzi wanaokatiza uwanja wakikimbia.

Jumatano, 1 Oktoba

Kilomita tatu, polepole. Kifundo kinalalamika lakini kinakubali. Mwalimu amesema ikifika Jumanne bila uvimbe, tutajaribu thelathini na mbili. Tukishindwa hizo, nisisumbuke kwenda Homa Bay. Amesema bila ukali. Ndiyo maana imeniuma.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimejiaibisha. Naandika yote.

Mwezi mpevu tena. Mwalimu alichagua barabara ya bara, ziwa mgongoni, ili nisiwe na kitu cha kutazama. Tulianza alfajiri. Kumi za kwanza, kama maji. Kilomita ya kumi na mbili nikaingia kwenye zile dakika zangu. Mahindi yaliyokauka yalikuwa yananong'ona pande zote mbili na sikusikia pumzi yangu kabisa.

Kisha hewa ikabadilika. Nikatazama nyuma. Wingu.

Sikuamua chochote. Nakumbuka tu kwamba nilikuwa nimeshageuka na nakimbia kurudi, kwa kasi ambayo sina hata siku nikiwa mzima. Mwalimu akanipita na baiskeli, akaiweka katikati ya barabara, akashuka.

"Madam," akasema, "leo mwezi ni full. Hakuna omena hata moja imeanikwa. Sasa wewe unakimbilia nini?"

Nyavu zilikuwa zimekunjwa ndani ya nyumba. Nilizikunja mwenyewe juzi.

Akanipa maji. Akatazama wingu, akanitazama mimi, nikaona anapiga hesabu zake.

"Goti ya mwaka jana ilikuwa ya kulia ama ya kushoto?"

Nikasema kulia. Halafu nikasema kushoto. Akapanda baiskeli yake, tukarudi. Jumla ishirini na nane. Si thelathini na mbili.

Jumatano, 8 Oktoba

Halikuwa goti.

Kilomita ya thelathini mwaka jana kulikuwa na wingu. Nikaanza kufikiria Mama yuko peke yake na nyavu tano. Nikaketi. Gari la wagonjwa likaja, nikawaambia goti, wakalifunga bendeji vizuri sana. Nilibaki na hiyo bendeji siku nne kwa ajili ya uongo.

Mwili wangu umefundishwa jambo moja kwa miaka kumi na tisa: wingu likija, rudi. Hakuna ratiba inayotibu hilo. Naogopa. Sitaki kuwa yule mtu wa kuketi barabarani. Nikiketi tena najua sitajaribu mara ya tatu.

Jumapili, 12 Oktoba

Nilikwenda kwa Mwalimu kumwambia sitaenda. Alikuwa anasahihisha mitihani. Hakunibembeleza. Alisema miguu yangu iko tayari hata kwa ishirini na nane, lakini kwa ile sehemu nyingine yeye si mwenye dawa. Niende kwa mwenye nyavu.

Jumatano, 15 Oktoba

Nimemwambia Mama. Tulikuwa tunageuza, asubuhi, mashua zimeshaanza kujaa. Nilimwambia yote, na goti, na bendeji. Nilidhani atahurumia. Au atanisifu kidogo, kwamba nafikiria nyumba hata nikiwa mbali.

Aliendelea kugeuza mpaka mwisho wa wavu. Kisha akaunyoosha mgongo wake mbovu na kuniita nyar Lambwe, binti wa Lambwe, kama anavyoniita siku akiwa na jambo.

"Nyar Lambwe, kabla uje kwa hii boma, mvua ilikuwa inanyesha na omena ilikuwa inakauka."

Akaenda kwa wavu wa pili. Mimi nilibaki nimesimama. Nimekasirika siku nzima. Miaka kumi na tisa nimejiona nguzo ya nyumba hii, na kumbe nguzo inaweza kwenda Homa Bay na paa likabaki juu.

Sasa ni jioni, hasira imeisha. Imebaki kama nafasi, mahali ilipokuwa. Ni nafasi kubwa.

Jumamosi, 18 Oktoba

Homa Bay, kwa dada yangu. Amenipikia samaki wa ngege na ugali wa mtama, akanilazimisha kumaliza. Asubuhi kabla ya kuondoka Muhuru mashua zilikuwa zimejaa hadi ukingoni. Nilipita katikati ya akina mama wakigombania ndoo, begi mgongoni. Hakuna aliyeniita.

Jumapili, 19 Oktoba

Nimefika.

Nataka kuyaandika leo leo. Ishirini za kwanza sizikumbuki vizuri. Jua, vumbi jekundu, watoto waliovaa za kanisani wakinyoosha mikono tuwaguse. Kugeuka nusu. Kifundo kikaanza kusema ishirini na sita, nikakiacha kiseme.

Thelathini na moja, likaja. Kubwa, la buluu nyeusi, upande wa ziwa, upande wa nyumbani hasa. Upepo ukaleta harufu ya mvua. Miguu ikafa. Sitanii. Nilianza kutembea. Kisha nikasimama na mikono kwenye magoti na nikatazama nyasi za pembeni, na nyasi zilikuwa nzuri za kuketi.

Sikuwaza jambo lolote la kishujaa. Niliwaza Mama ameinama na mgongo wake na mimi sipo. Nililiona wazi. Nikaliacha liwe hivyo. Nikaliambia wingu kwa sauti, basi, nyesha. Mzee mmoja mwenye baiskeli alidhani nasemeshana naye, akaitikia.

Nikaanza tena. Nililia mpaka thelathini na nne na nikakimbia huku nalia. Baada ya hapo ikawa kama ule ukungu wa asubuhi. Mvua ilinikuta kilomita ya thelathini na nane, nzito, barabara ikapotea, nikawa sisikii kitu ila maji, na sikuwa na haraka ya kwenda popote isipokuwa mbele.

Nilipofika mwisho walikuwa wanapakia viti. Mwanamume wa saa akaniita kwa namba yangu, akaandika. Nimesahau kumuuliza ameandika nini.

Sikupiga simu nyumbani. Nilitaka kupiga. Sikupiga.

Jumanne, 21 Oktoba

Muhuru. Mvua ilinyesha hapa pia, Jumapili, mapema kuliko Homa Bay. Mama aliwahi nyavu mbili. Tatu zililowa. Omena yake imenuka na wenye chakula cha kuku wameshaibeba. Alinionyesha mahali, nikaona.

Leo kuna jua. Nilitaka kwenda kuanika, nikashindwa kushuka kizingiti. Miguu miwili ya kukopa. Mama ameanika peke yake, na nimemtazama kutoka kwenye kiti, nikaona ana kasi kuliko mimi.

Baadaye akaja na karai la maji ya moto yenye chumvi, akaliweka mbele yangu. Miaka kumi na tisa mimi ndiye ninayepasha maji ya boma hii. Akauliza kama navua viatu mwenyewe ama anivue.

Nimeweka miguu. Maji yalikuwa moto kupita kiasi. Nimeiacha humo humo.