Mgeni Anayetaka Njia Yetu ya Baiskeli

Ifakara, Jumatano, Agosti 1998. Jua kali na vumbi.

Kuna mgeni katika ofisi ya wilaya, ninakofanya kazi ya ukarani. Ametumwa na kampuni ya nje inayotengeneza michezo ya televisheni, kama ule niliouona Morogoro: mtu anabonyeza vitufe, gari linakata kona. Sasa wanatengeneza wa baiskeli, na wanataka njia ya kweli. Wameichagua yetu ya mashindano, inayokatiza mashamba ya mpunga kuelekea Kivukoni. Ameshafunga kamera kwenye usukani wa baiskeli na kuipiga picha njia yote.

Anasema hawawezi kuitumia bila kibali. Hapo ndipo nilipoanza kumshuku. Nani huomba ruhusa ya kuchukua picha ya vumbi?

Mkuu wangu hana wasiwasi. "Mdogo wangu, anachukua sura tu. Njia inabaki hapa hapa. Gonga muhuri." Akacheka. Huyu hacheki kabla ya chai.

Mkataba aliouleta unasema ofisi, yenye njia hiyo, inatoa haki ya kuitumia kwa muda wote, popote duniani.

Ofisi haina njia.

Kila mwaka, mavuno yakiisha, waandaaji hupita nyumba kwa nyumba na kuku wa zawadi, wakiomba njia. Kila mwenye shamba hufungua kipande chake. Baada ya mashindano analima, na njia haipo tena. Mwaka mwingine mtu hukataa, kona ikahamia kwa jirani.

Mchana nilikwenda kwa Bibi Tekla, mwenye shamba lenye kona kubwa. Baiskeli niliiacha mbali ili nisionekane. Nilimkuta anapeta mchele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, karani. Mbona mikono mitupu?"

Nikamweleza. Ungo haukusimama.

"Kwa hiyo huko kwenye televisheni yake watapita kwangu siku zote? Hata mpunga ukiwa umebeba?"

"Huko hakuna mpunga, bibi. Ni njia tu."

"Basi hilo si shamba langu. Na kama ni langu, aje aombe kama wenzake. Au Ulaya kuku wamekwisha?"

Alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikuweza. Nilikuwa nawaza siku mtu atakapokuja na karatasi hiyo na kusema: ofisi ilishathibitisha kwamba ardhi hii ni yake ya kugawa. Chini yake kutakuwa na muhuri nilioupiga mimi.

Labda mgeni ni mtu mwema. Labda mkuu alilala vizuri tu. Sijui, na kutojua ndiko kunakonitisha.

Bado niko kwenye kipindi cha majaribio. Neno moja la mkuu na ninarudi Mlimba kwa mama, na cheti changu cha kidato cha sita.

Lakini sitagonga. Kesho nitamwambia mgeni, mkuu akiwa amekaa pale pale, kwamba ofisi haiwezi kutoa isichokuwa nacho, na kwamba wenye njia wapo, nami mwenyewe nitampeleka kwao.

Sauti itatetemeka.

Itetemeke.