Kila Droo Inafunguka

Jumatatu, 3 Machi

Mlango wa jiko langu haukufunguka kwa ndani, mtoto wewe. Ulifunguka kwa nje, ukagonga ukuta, ndiyo maana ukutani palikuwa na shimo. Nimesema mara ngapi? Unanipigia simu nina pini tatu mdomoni na sketi ya watu mapajani, kuniuliza jambo nililokujibu mwaka juzi. Andika chini. Kichwa si kabati.

Haya. Nimemkaripia, simu nimekata. Sasa naandika hapa nyuma ya daftari la vipimo, maana roho haijatulia.

Huyu mjukuu wangu tunamwita Sindano. Mwembamba, na ukimshika vibaya anachoma. Anatengeneza mchezo wa kompyuta, yeye na wenzake arobaini. Si mchezo wa kukimbiza mpira. Ni mji mzima. Mtu amekaa kwake, ameshika pedi ya kuchezea, anaingia mjini humo na kwenda atakako — sokoni, relini, ndani ya nyumba ya mtu. Hakuna wa kumwambia pita huku. Kila mlango unafunguka. Kila droo inafunguka. Hilo ndilo wanalojisifia kuliko yote.

Na ndani ya mji huo wameuweka uchochoro wetu. Ule uliobomolewa miaka thelathini na moja iliyopita, leo panapita malori. Nyumba kumi na tisa. Picha hakuna — nani alikuwa na kamera? Wameujenga kwa mdomo wangu. Miaka mitatu mtoto ananihoji: ukuta rangi gani, bomba upande gani, nani alikuwa anaweka kiti nje. Shule niliacha darasa la tatu, kusoma nimejifunzia ukubwani. Lakini kwa uchochoro ule wananisikiliza kama profesa.

Unatoka Ijumaa tarehe 28. Umeshaahirishwa mara mbili. Safari hii tuone.

Alhamisi, 6 Machi

Zahanati. Presha juu.

Nesi akasema, mama mkubwa, umekula chumvi. Nikamwambia sijala chumvi, nimekula maneno ya Sindano. Akacheka mpaka mgonjwa wa pili akachungulia.

Nesi huyu namjua toka anabebwa mgongoni. Mama yake alikaa mkabala na mimi uchochoroni, mlango wa bluu. Tulimwita Mama Ndoo. Hukumkuta bila ndoo, yake au ya kumchotea mtu. Amefariki, huu mwaka wa saba.

Siku hizi nesi anaulizia mchezo kuliko anavyoulizia presha yangu. Mlango wetu umo? Umo. Bluu ile ile? Ile ile, na pale chini palipobanduka. Akanifunga tena ule mkanda mkononi, wakati alishapima. Hana picha hata moja ya kwao. Ameomba ruhusa kazini Ijumaa hiyo, ameazima kompyuta ya shemeji yake. Akasema, nikishaingia kwetu navuka uchochoro, nakuja kukupigia hodi kwako.

Karibu, nikasema. Ningesema nini?

Nimerudi kwa miguu. Presha si chumvi.

Jumamosi, 8 Machi

Sindano kaja kula mchana, hakula. Anageuza kijiko huku macho yako kwenye simu. Nikamwambia weka hiyo simu, chakula hakina miguu lakini kinaondoka. Ananisomea wanayoandika watu wanaousubiri mchezo. Elfu na elfu, hawajuani, wanatukana kama mashemeji.

Mmoja anasema hautatoka, ni hadaa. Mwingine anasema utatoka lakini mbovu. Mwingine: ukubwa wote huo wa mji, ndani mtakuta debe tupu. Yupo aliyeandika aya tatu kwamba nyumba zitakuwa zimechorwa tu, droo hazifunguki, watu wa humo wanatembea kama wamepigwa dawa.

Nikauliza, na huyo ameuona? Hajauona, Bibi. Sasa anasema nini? Anasubiri, ndiyo maana anasema.

Nikauliza jambo langu. Huyo mchezaji akiingia kwangu, anaweza kunipiga? Hapana, watu wa uchochoro huu hawapigiki. Anaweza kupiga teke vitu vyangu? Anaweza. Kuiba? Anaweza, ila wewe utamtukana. Kwa sauti ya nani? Yako, Bibi, tulikurekodi. Nikakumbuka. Walinirekodi siku nzima, na matusi nilitoa mapya.

Kisha akasema kwa sauti ndogo: mchezo huu ukianguka, ofisi inafungwa. Watu arobaini nyumbani. Na wote wanajua nyumba za uchochoro ni kazi yangu. Wakikuta uongo humo, wataukuta kwangu.

Nikamwambia hakuna uongo humo, nimekwambia kila kitu.

Ndivyo nilivyosema.

Jumapili, 16 Machi

Andika, mama. Usiruke kitu.

Leo Sindano kaja na kompyuta yake ya kazini. Alhamisi saa sita mchana wanafunga kazi, baada ya hapo hakuna kugusa kitu. Akataka nipite mara ya mwisho, niseme kilichokosewa. Akanishikisha pedi. Vidole vya cherehani vinajua kazi, mara mbili tatu nilikwenda kugonga ukuta, kisha nikashika njia.

Nikauona uchochoro. Bomba linavuja pale pale. Kamba za nguo. Mzee wa viatu na kiti chake cha mguu mmoja mfupi. Nikasimama. Sindano akasema, Bibi, unalia? Nikamwambia skrini yako ina mwanga mkali, punguza.

Mlango wa jiko unafunguka kwa nje. Vizuri.

Nikaingia chumbani. Cherehani yangu, na ile droo ya kushoto. Sindano akasema kwa maringo, fungua. Nikafungua. Futi ya kupimia. Chaki. Kidonda cha moto kwenye mbao, alipoweka pasi marehemu mume wangu. Vifungo kwenye kopo. Na chini ya kopo, karatasi. Nikabonyeza. Karatasi ikainuka, ikajaa skrini nzima, herufi hizo, mhuri huo, na dole gumba langu jeusi.

Nikamwuliza, hii umeitoa wapi? Kwenye droo yako, Bibi. Si ndiyo cherehani yenyewe uliyohama nayo? Ulinipa ufunguo ukasema piga picha kila kitu, usiache hata uzi. Nikapiga. Picha karibu mia nne, nikazituma ofisini, zikabandikwa. Nani alikaa kuzisoma?

Kweli nilisema. Maringo yangu. Nilitaka droo yangu iwe droo, si mchoro. Ile karatasi iko chini ya lile kopo miaka yote, hata mimi nimeacha kuiona. Ndiyo karatasi ya kiwanja changu, ningeitupaje?

Nikasema nimechoka. Nikamrudisha kwake na kompyuta yake. Hakujua.

Jumatatu, 17 Machi

Cherehani sijagusa. Wateja wamegonga, sikuitika.

Naiandika mara moja, tusirudie.

Walipokuja maafisa wa ardhi kusema uchochoro unabomolewa, tulikaa wote kumi na tisa pale bombani tukaapa: hakuna kuweka dole kwenye karatasi ya kukubali kuhama. Tukikataa wote hawatuwezi. Na kweli walikwama, miezi mitano. Mama Ndoo ndiye aliyeongea kuliko wote.

Halafu afisa akanikuta peke yangu. Akasema wa kwanza kukubali atachagua kiwanja. Mimi na watoto wanne, mume kifua kinambana. Nikaenda Jumanne asubuhi, nikaweka dole. Nikachagua cha pembeni, karibu na maji. Kwenye karatasi wameandika namba: moja. Wakati ule sikujua kusoma, lakini moja naijua.

Siku ile ile Mama Ndoo alikuwa pale ofisini. Alikwenda kudai bomba la pili. Alitoka na karatasi mkononi, nakala ya ombi lake.

Habari ikavuja kwamba kuna aliyekubali. Watu wakawaka. Bombani wakauliza, nani? Mimi nikasema: nimemwona Mama Ndoo akitoka ofisini, na karatasi mkononi, kwa macho yangu mawili.

Sikusema uongo. Nilimwona. Nilikuwa nyuma yake kwenye foleni.

Basi. Ndani ya wiki mbili wote wameweka dole, kila mtu akikimbilia kiwanja. Tukahamia huku pamoja. Na miaka ishirini na nne mwanamke yule hakusalimiwa. Harusi ya nesi, bintiye, waliohudhuria mtu angewahesabu kwa vidole. Mimi sikwenda. Nilishona gauni la bibi harusi, nikalituma kwa mtu.

Jumanne, 18 Machi

Nimempigia Sindano. Nikasema ile karatasi iondoe, inachafua droo. Akasema, Bibi, wewe ndiye uliyesema tusiache hata uzi. Nikasema sasa naamuru. Akasema kuondoa ni dakika mbili, ila nipe sababu, bosi ataniuliza. Nikasema mwambie Bibi amesema. Akacheka. Akasema ngoja niifungue niione.

Nikasikia akibonyeza. Nikasikia akiisoma polepole, mpaka kwenye ile namba: moja.

Mtoto huyu amekulia kwangu. Jina langu analijua, tarehe ya siku ile anaijua, hadithi ya Mama Ndoo ameisikia kwangu mwenyewe. Hakuhitaji kuelezwa.

Akasema, nikiwa mdogo uliniambia nisipokee pipi yake. Nikasema nilikwambia. Alininyooshea, Bibi, nikakimbia. Nikasema najua, nilikuwa mlangoni.

Akakata simu. Hajawahi kunikatia simu.

Jumatano, 19 Machi

Nesi kanifuata nyumbani, sikwenda zahanati juzi. Kaleta mashine ya kupimia. Akasema presha hii, mama mkubwa, ningekulaza. Una mawazo gani? Nikasema kazi nyingi.

Akakaa pale pale penye mabaki ya vitambaa. Furaha imemjaa, anaogopa pia. Kumbe naye anasoma yale matusi ya watu. Akaniuliza, na wakiahirisha tena? Na nikifika nikakuta mlango si wetu? Mimi nataka nione kitu kimoja tu, pale mama alipokuwa anakaa jioni, akicheka. Huku hakucheka. Huku alichota maji alfajiri ili asikutane na mtu.

Akasema, wewe peke yako ndiye uliyenishonea gauni.

Nimevumilia mengi. Hilo lilinipita kama mkasi kwenye kitambaa. Nikasema ngoja nikakutengee chai, nikaenda jikoni nikasimama. Chai sikuweka. Niliporudi alishavaa viatu, zamu imemwita.

Nilikuwa naye saa nzima. Mdomo ninao, watu wote wa mtaa huu wanaujua. Sikusema.

Alhamisi, 20 Machi

Saa tano na robo asubuhi. Sindano kaja. Hakubisha hodi, hakusalimu, macho mekundu. Kaweka kompyuta mezani juu ya sketi za watu. Nikamwambia toa, kuna chaki. Akatoa. Walau hilo.

Akasema, bosi anasubiri simu yangu. Kazi inafungwa saa sita. Niiondoe au niiache? Ukisema niondoe, naondoa, na hakuna atakayejua. Wewe na mimi.

Nikamwuliza, wewe unaonaje? Akasema mimi nimejenga nyumba kumi na tisa kwa neno lako. Watu elfu na elfu wanasema ndani hamna kitu. Juzi nimeona kilichomo. Siwezi kukuamulia, Bibi, umri wangu haufiki.

Nikasema umefika, ila unaogopa. Akasema, na wewe?

Nikafikiria hivi. Karatasi ikiondoka, nesi ataingia kwao Ijumaa ile, atafurahi, atavuka uchochoro, atafungua droo yangu na kukuta vifungo. Atarudi kunishukuru. Atanipima presha mpaka nife. Hilo ndilo siwezi.

Na ikibaki bila mimi kusema, atakuta dole gumba langu peke yake, kwenye nyumba ya shemeji, na wageni elfu na elfu wakisoma naye. Hilo pia siwezi. Nilimfanyia mama yake bombani, mbele za watu. Simfanyii na yeye.

Akinichukia ana haki. Akiniacha nitafute nesi mwingine, nitatafuta. Kinachonitia hofu ni uso wake.

Sasa ni saa tano na dakika arobaini. Nimemwambia Sindano asinisemeshe mpaka nimalize kuandika. Amesimama mbele yangu na simu mkononi, anahema. Nesi anatoka kula saa sita na nusu. Zahanati ni mwendo wa robo saa, kwa miguu yangu nusu saa.

Naandika hapa nisije nikageuka. Wewe Sindano, karatasi ibaki. Piga simu, sema ibaki, wafunge kazi yao. Kisha beba hiyo kompyuta, nipe fimbo yangu, tunakwenda zahanati sasa hivi. Nesi nitamfungulia hiyo droo mimi mwenyewe, leo, kabla ya mtu mwingine yeyote. Na ukinisikia naanza kuzungumzia presha, nikanyage mguu.