Ringi Kumi na Nne

Jumatatu, 12 Mei 2025
Tairi za karavani, kile kinyumba chetu cha kuvutwa na gari, zimekufa. Kashata za kukanyagia bado zipo, ukitazama kwa mbali utasema nzima — ila ubavuni kuna nyufa zinazoingia ukucha. Silvano kanyoosha mguu wake wa plasta barazani, anasema mdogo wake Damiani atashughulikia, mimi mke wake nisihangaike. Nisihangaike! Mpunga wa Namawala unaiva, na ndege hawasubiri mfupa uunge. Misimu minne kaivuta karavani kaenda kuvuna peke yake, kwa sababu mimi nilikuwa na vipindi vya shule. Sasa nimestaafu. Nitalala humo mwenyewe, nitavuna mwenyewe. Kasema kule kuna mbu. Hapa Lipangalala kuna vipepeo?

Jumanne, 13 Mei
Kwa Ndaki, fundi tairi. Kijana wa Kisukuma, mpole mno — na wapole mno nawaogopa. Nimemwambia nataka ringi kumi na tatu kama zilizopo. Akakohoa. Eti bora ringi kumi na nne na tairi za mzigo, zile ngumu za plai nane, yaani matabaka nane. Karavani itainuka, tope halitaigusa. Madigadi yanatosha, nati zinaingia, keshapima. Kapima lini? Nani kamwambia naja?
Mara Damiani huyo, anapita "kwa bahati". Shemeji, chukua kumi na nne. Pikapu yake nayo ni ringi kumi na nne! Ahaa. Ninunue mimi, atembelee yeye.

Jumatano, 14 Mei
Nimekaa na kalamu nyekundu. Hesabu nimefundisha miaka thelathini na moja, siwezi kudanganywa na ubavu wa tairi. Namba inayofuata saizi ni ya uzito. Ringi kumi na tatu ina 82, maana yake kilo 475 kwa tairi moja. Mbili, 950. Karavani tupu ni kilo 700, kibati cha mlangoni kinasema. Kitanda, jiko, vyombo, madumu ya maji — nikizidisha sana, 200. Imetosha. Hizo za Ndaki zinabeba 850 kila moja. Kwani tunahamisha kanisa?
Nilimsomea Silvano. Hakucheka. Kasema nichukue ninazotaka, ila shamba nisiende.

Alhamisi, 15 Mei
Mtu mwenye plasta kajikokota mpaka choo cha nje ili apige simu! Nilisimama nyuma ya mabati. Nimesikia "Damiani" na "mcheleweshe". Jioni Damiani kaja kusema pikapu ya kuvutia karavani mbovu. Mchana ilikuwa inabeba magodoro.

Ijumaa, 16 Mei
Nimerudi kwa Ndaki na hesabu yangu. Nikamwambia mbele ya wateja kwamba ni mwizi. Hakukasirika. Akachukua daftari lake lenye oili, akafungua ukurasa wa Juni mwaka jana. Kumbe Silvano alipita na karavani ina pancha, akaulizia tairi za kubeba zaidi. Ndaki akapima, akaandika na mzigo wote ili ajue uzito. Nikasoma mwenyewe. Kitanda kikubwa. Kitanda cha mtoto. Cherehani ya miguu. Magunia. Watu watatu.
Mimi hata kutunga uzi kwenye sindano sijui.
"Nilidhani cherehani ni yako, mwalimu," Ndaki akasema.
Nikasema ndiyo, yangu. Sijui kwa nini. Na kijana wa watu nimemwita mwizi.

Jumamosi, 17 Mei
Silvano sijamuuliza. Nampikia, namwogesha, namtazama. Nikimuuliza atanipa jibu alilokwisha kuliandaa. Nataka la shambani.
Ndaki nimemwomba radhi, mbele ya wale wale wateja. Nimemwambia afunge ringi kumi na nne, maana mzigo wa kweli ni ule wa daftarini. Ubavuni imeandikwa 0924 — wiki ya tisa ya mwaka jana, bado changa. Nimeikagua kwa miwani. Damiani nimempa mawili: anivute Jumatatu, au nitafute trekta na niulize sababu hadharani. Pikapu imepona palepale.

Jumatatu, 19 Mei
Silvano alisimama mlangoni na magongo tukiondoka. Alikuwa analia. Nilimwona kwenye kioo nikamchukia, nikamhurumia, nikamchukia tena.
Barabara tope tupu. Tairi hazikuteleza hata mara moja.
Namawala saa saba. Hata karavani haijafunguliwa kwenye pikapu, mtoto wa kike kachomoka kwenye mpunga, miaka miwili na kitu. Kakimbilia mlango wa karavani, anaupiga kwa viganja, anaita baba. Masikio ya Silvano yale! Mama yake kamfuata na mundu mkononi. Kaniona, kasimama. Ni rika la binti yangu. Damiani kainama, anajifanya kukagua nati.
Niliingia ndani kwa mlango ule ule, nikajifungia. Ndipo ninapoandikia. Mtoto bado anagonga. Mundu umewekwa chini, na yule msichana kapiga magoti kwenye tope, namwona dirishani.
"Shikamoo, mama."
Kaisema mara mbili sasa. Sijaitikia. Anangoja, hainuki —