Petroli Iliyomiminwa Injini Ikinguruma

KITUO CHA POLISI, KARUNGU
Shahidi: Teresa Akoth, miaka 31. Kazi: sajenti, Jeshi la Anga la Marekani. Makao: kwa mama yake, Sori. Yuko likizoni.

Kazi yangu ni kujaza ndege mafuta zikiwa angani. Nalala kifudifudi nyuma ya ndege yetu, natazama chini kupitia dirisha, nashusha bomba hadi kwenye ndege inayotufuata. Mwaka wa saba huu, na bado uso wa rubani wa ndege hiyo, karibu hivyo, mawingu yakiwa chini yake, hunishangaza. Saa ninazotaja niliziandika kwenye shajara yangu siku iyo hiyo.

Jumanne, tarehe 12 Agosti 2025, saa tatu asubuhi, nilitoka kisiwa cha Remba kwenda Sori kwa boti ya nahodha Joash Ouma. Tulikuwa abiria kumi na wanne, akiwemo Scovia, aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa. Upepo ulitupinga, mafuta yakaisha upesi. Saa nne na dakika arobaini Joash alisema yamebaki ya dakika kumi. Kushoto kwetu kulikuwa na mawe.

Nilimpungia mkono Walter, mvuvi aliyekuwa kwenye boti yake karibu nasi, akiwa na mtungi wa petroli. Akapaza sauti: "Zima injini kwanza! Sheria ya ufuo hamjui?"

"Hii ukiizima ikiwa moto haiwaki tena," Joash akamjibu. "Unataka tukale mawe?"

Kufunga boti pamoja kungevunja mbao kwa mawimbi yale. Niliagiza simu zote zizimwe, nikalala kifudifudi ubavuni mwa boti nikiwa na mpira wa maji.

"Joash, usiangalie mpira. Nisikilize mimi."

"Sawa, nyar Sori," akasema, yaani binti wa Sori. "Wewe ongea tu."

"Karibia. Hatua mbili. Moja. Kaa hapo."

Akakaa. Ziwa lilitupandisha na kutushusha, lakini nafasi kati ya boti haikuzidi urefu wa mkono. Walter alivuta petroli kwa mdomo, akatema, ikaanza kushuka kwenye tangi letu. Dakika sita. Marubani wana mitambo na miaka ya mafunzo. Joash alikuwa na usukani na masikio. Sijawahi kuona kitu kama kile, hata huko juu.

Scovia alijifungua msichana saa sita mchana, tukiwa tumeshamfikisha zahanatini.

Nasikia mwenye boti, Machuki, anataka Joash ashtakiwe kwa kuhatarisha abiria. Sheria ilivunjwa, ni kweli. Aliyetoa amri ni mimi. Nasafiri tarehe 20. Kama kuna shtaka, liandikwe kwa jina langu kabla ya hapo.

Nimesema niliyoona na niliyotenda, sina la kupunguza.

Sahihi: T. Akoth

Mimi, Koplo Mayaka, nimeandika haya na kumsomea shahidi, akakubali. Nilimweleza Joash, aliye selini kwa malalamiko ya Machuki, kwamba shahidi amelibeba kosa. Alikataa. Alisema: "Mwambie sister sauti ilikuwa yake, lakini mkono ni wangu." Naomba mkuu wa kituo awasikilize wote wawili pamoja.