Nilichoandika Kwenye Cheti cha Mama

Njoro,
14 Septemba 1952

Kwa shemeji yangu mpendwa Kiprugut,

Nakusalimu kwa mikono miwili. Natumaini karatasi hii itakukuta mzima, na miguu yako imekauka, maana uliandika kwamba huko ng'ambo mvua haikomi na ruba wanaingia hata ndani ya buti. Nilicheka peke yangu. Askari mzima wa jeshi la Keya kukimbizwa na ruba! Sisi huku hatujambo. Pareto imechanua shamba lote, bwana mkubwa anafoka kama kawaida yake, na mtoto wa dada yako sasa anasimama kwa kushika ukuta.

Barua yako ya mwezi wa nane ilifika, ikasomwa kwa sauti na mwalimu Hiram baada ya ibada, watu wote wakisikiliza. Ulinishukuru mbele yao. Ulisema nilimpigania mama kuliko wewe mwanawe wa kumzaa, na kwamba ukirudi utanipa ndama. Wazee wakaja kunishika mkono mmoja mmoja. Haki ya Mungu, Kiprugut, kila mkono niliupokea nikitazama chini. Dada yako Chelagat aliinuka na mtoto akatoka nje kabla Hiram hajamaliza kusoma. 

Simu tuliyokupelekea ilikuambia tu kwamba mama amefariki. Sasa nakueleza ilivyokuwa, na nakuomba usome mpaka mwisho.

Mama alikuja mwezi wa sita kumwona mjukuu. Alifikia kwa Chemutai, mke wa nyapara, kwa kuwa hakuweza kulala nyumbani kwa mkwe wake. Wewe unaijua heshima hiyo. Miaka minne nimemwoa dada yako na sijawahi kumtazama mama usoni. Tukikutana njiani yeye hujifunika blanketi na mimi hupita majanini. Tulipendana hivyo hivyo, kwa mbali.

Jumanne asubuhi Chelagat alinijia mbio kwenye zahanati ya shamba, akasema mama ametapika tangu alfajiri na tumbo linamkata. Niliacha foleni ya wagonjwa nikaenda, nikasimama nje ya ukuta wa Chemutai. Niliuliza, Chelagat akaingia na swali, akatoka na jibu. Choo kimefunga tangu jana. Tumbo limejaa. Matapishi ni ya kijani. Nikauliza kama pana uvimbe mahali popote, mama akajibu kwamba hana, ila amechoka. Chelagat akapitisha mkono tumboni juu ya nguo, akasema limekaza kama ngoma.

Hapo nilijua hii si kazi ya dawa yangu ya minyoo. Kuna dresa wengi, wauguzi wa zahanati kama mimi, kwenye mashamba haya ambao wangempa chumvi ya haluli na kumwambia arudi kesho. Mimi sikumpa kitu mdomoni. Nilimwendea bwana mkubwa nikamwomba lori, akakataa, nikasimama pale pale mlangoni mpaka akatoa. Niliandika cheti cha kumpeleka kwa daktari wa misheni, yule aliyenifundisha kazi, na saa kumi jioni mama alikuwa kitandani hospitalini. Hayo ndiyo watu waliyokuandikia, nawe ukanishukuru.

Daktari alisoma cheti changu, akalipapasa tumbo juu juu. Mama alishikilia blanketi kiunoni kwa nguvu zote na daktari hakumlazimisha. Alisema inaweza kuwa homa ya matumbo, awekewe maji ya mshipa, waangalie mpaka asubuhi. Asubuhi hakuwa na nafuu. Saa sita mchana nesi mmoja, Rahab, alikuwa akimwogesha, akaliona. Kwenye kinena cha kulia, pale paja linapoanza, palikuwa na uvimbe kama yai la kuku, mgumu, ngozi yake imeiva nyekundu. Ngiri! Utumbo umenaswa humo tangu Jumanne. Walimkimbiza kupasuliwa, wakakuta kipande cha utumbo kimekwisha kuwa cheusi, wakakikata. Ijumaa alfajiri mama akatuacha.

Nilipoitwa na kuambiwa ni ngiri, niliketi chini sakafuni. Daktari akanishika bega. Alinifariji, Kiprugut! Alisema nisijilaumu, ngiri hiyo bila shaka ilitokeza njiani ndani ya lori, baada ya mimi kumpima. Akasema kama ingekuwepo mapema, mimi ningeiona, na yeye angempasua jioni ile ile, na jioni ile utumbo huenda ulikuwa bado hai.

Haya. Sasa lile ambalo mkono wangu unakataa kuliandika.

Daktari alitufundisha jambo moja mpaka tukaliota. Mtu akitapika, choo kikafunga na tumbo likajaa, mshike kinena kabla hujaandika neno lolote. Kwenye cheti kuna mstari wake. Mimi nilipofika kwenye mstari huo nilisimamisha kalamu. Nilitaka kuandika kwamba sikumshika kwa sababu ni mkwe wangu. Nikamwona daktari akilini mwangu akiusoma na kutikisa kichwa, yeye ambaye aliwahi kusema mbele ya wenzangu kwamba mimi, Micah, ndiye dresa wake asiyeruka hatua. Nikaona aibu. Nikaandika kwamba kinena nimekipima pande zote mbili na hakuna uvimbe. Sikumgusa mama, shemeji. Sikuuvuka hata mlango. Daktari aliliamini neno langu kuliko mkono wake mwenyewe, na usiku ule mzima ukapotea kwa ajili ya mstari mmoja.

Rahab angekuwepo hapa shambani ningemwita. Lakini hata Chemutai alikuwepo! Ningemwambia amfunue mama, amtazame, aniambie. Au ningeuacha mstari mtupu, daktari angetazama mwenyewe. Mama angeona haya siku moja. Angeninunia mwaka mzima, angeninyima hata salamu, lakini angekuwa hai wa kuninunia.

Jana nilikwenda hospitali nikamwambia daktari. Hakunifokea. Alikitoa kile cheti kwenye faili, akausoma tena ule mstari, akaniambia nirudi kazini mpaka atakapoandika kwa wakubwa. Leo asubuhi nimemwambia Chelagat. Alijua sikuingia ndani, maana maneno aliyabeba yeye, lakini hajui kusoma na hakujua nilichoandika. Ameniuliza mara tatu kama ni kweli. Kisha ameniamuru nikuandikie mwenyewe, kwa mkono ule ule.

Sikuombi jibu la haraka. Jilinde na risasi na homa, ule vizuri, uwasalimie wenzako wa kwetu ulio nao huko. Mwalimu Hiram anakusalimu. Chemutai na mume wake wanakusalimu. Nilimwuliza dada yako nikupe salamu gani kutoka kwake. Amesema zake atazituma kwa mtu mwingine.

Ni mimi,
Micah arap Kosgei